Springi ya Kurejesha Slaidi: Namna ya Kuichagua na Kuifunga katika Bastola ya Mashindano

(Maneno ya mada iliyotolewa mbele ya wamiliki wa bastola wenye vyeti vya umiliki, wanaoshiriki mashindano ya kulenga shabaha)



Aghalabu sisi wa wakala huu huzungumza na wanunuzi wa mitungi ya gesi, nyaya za umeme na vipuri vya magari. Leo tumeombwa kuzungumzia kipuri kidogo kinachoweza kufichwa ndani ya kiganja. Hata hivyo, kanuni tunazowaletea ni zilezile. Mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua, ana wajibu wa kukitumia ipasavyo, na chombo chochote chenye nguvu ndani yake hakisamehe uzembe.

Tuanze na tukio lililotufikisha hapa. Mlalamikaji mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na springi ndani ya mfuko mdogo wa plastiki usio na maandishi. Aliuziwa kwa jina la "springi ya mashindano", akaambiwa kwamba ni nyepesi na kwa hiyo itampunguzia teke la bastola. Kwa muda alifurahi, maana slaidi ilivutika kwa urahisi na alama zake uwanjani zilipanda. Lakini bastola ile ndiyo aliyokuwa akijilindia, na kila mara aliporudi kwenye risasi zake za kawaida zenye nguvu, slaidi iliipiga fremu kwa kishindo. Siku moja alipokuwa akiisafisha aliona ufa mwembamba kwenye fremu. Muuzaji alimkana, na mlalamikaji hakuwa na risiti. Fremu ndiyo sehemu yenye namba iliyoandikwa kwenye cheti chake. Kwa springi ya bei ndogo alipoteza bastola nzima.

Kazi ya springi hii ni ipi?

Risasi inapolipuka, kichwa chake husukumwa mbele kupitia mtutu, na ganda husukuma nyuma. Kile chuma cha juu kinachoteleza, yaani slaidi, hurudi nyuma, hulitoa ganda, huiinamisha nyundo na kuibana springi iliyo chini ya mtutu. Springi ikishabanwa huwa imeweka akiba ya nguvu. Kwa akiba hiyo huirejesha slaidi mbele, ikaichukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini, ikaiingiza chemba na kufunga. Mambo yote hayo hutendeka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza la wanunuzi wengi. Wanadhani springi ni mto wa kumezea teke. La hasha. Springi haipunguzi jumla ya msukumo unaoufikia mkono. Huugawa tu katika muda. Springi nzito huanza kuusukuma mkono mapema, kisha slaidi inaporudi mbele hushuka kwa kishindo na kuuinamisha mdomo wa mtutu. Springi nyepesi huiacha slaidi irudi kwa kasi na kugonga mwisho wa njia yake kwa nguvu zaidi, lakini hurejea mbele kwa upole. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji halihusu ni springi ipi inayopunguza teke. Mwulize ni ipi inayolingana na risasi unazotumia katika bastola uliyo nayo.

Namba kwenye pakiti ina maana gani?

Springi hizi huuzwa kwa ratili. Ratili moja ni gramu 454 hivi. Tuchukue mfano wa bastola inayofahamika zaidi miongoni mwa zinazorekebishwa kwa mashindano, ile ya muundo wa 1911 uliobuniwa na John Moses Browning na kupokewa na Jeshi la Marekani mwaka huohuo wa 1911. Yenye mtutu wa inchi 5 na risasi za .45 ACP, springi yake ya kawaida ni ya ratili 16, yaani kilo 7.3 hivi.

Namba hiyo haimaanishi uzito wa springi yenyewe. Ni nguvu inayohitajika kuibana hadi urefu inaobaki nao slaidi ikiwa imerudi nyuma kabisa. Katika 1911 ya inchi 5, urefu huo ni milimita 41 hivi. Ndiyo maana springi ya ratili 16 iliyotengenezwa kwa bastola fupi si sawa na ya ratili 16 ya bastola ndefu, hata kama namba zinafanana na hata kama inaingia. Pakiti isiyotaja namba ya ratili pamoja na aina ya bastola na urefu wa mtutu haijakwambia chochote. Irudishe kwa muuzaji.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kuipima springi nyumbani kwa mizani ya jikoni inayofika kilo 10. Pitisha kijiti kilichonyooka ndani ya springi, uisimamishe juu ya mizani, kisha uikandamize kwa kipande cha bomba hadi ifikie urefu uliotajwa, uliokwisha kuutia alama kwenye kijiti. Soma kilo, uzidishe kwa 2.2, nawe utapata ratili. Vaa miwani ya kinga unapofanya hivyo. Kipimo cha namna hii hakina usahihi wa maabara, lakini kinatosha kuitenga springi ya ratili 16 na ya ratili 11.

Chagua kwa kufuata risasi

Shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha wa vitendo, IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, limejengwa juu ya mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. Nguvu hiyo hupimwa kwa hesabu rahisi. Chukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, uzidishe kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, kisha ugawanye kwa 1,000. Kichwa cha greni 124 kinachokwenda futi 1,050 kwa sekunde hupata 130.2, na hivyo huvuka kiwango cha chini cha 125.

Hesabu hiyohiyo humfaa mnunuzi wa springi. Chukua risasi mbili za .45 ACP. Moja ni ya kulengea shabaha, yenye kichwa cha greni 185 na mwendo wa futi 770 kwa sekunde: jibu ni 142. Nyingine ni ya kawaida, yenye kichwa cha greni 230 na mwendo wa futi 830: jibu ni 191. Zote mbili zinaingia katika bastola moja, lakini ya pili inaisukuma slaidi kwa nguvu inayozidi ya mwenzake kwa theluthi moja. Springi ya ratili 12 inayoifaa ile ya kwanza itaiacha ya pili iitwange fremu. Na springi ya ratili 16 inayoifaa ya pili huenda ikaizuia ya kwanza isiirudishe slaidi hadi mwisho.

Kwa wale wanaotumia bastola moja kwa mashindano na kwa ulinzi, shauri letu ni fupi. Badilisheni springi kila mnapobadilisha aina ya risasi, au chagueni risasi za mashindano zinazokaribiana kwa nguvu na zile za ulinzi na mbaki na springi ya kiwandani. Njia ya pili ndiyo salama zaidi, kwa kuwa haimtegemei mtu kukumbuka. Mwenye kushiriki mashindano asome pia kanuni za daraja lake kabla ya kununua, maana madaraja hutofautiana katika marekebisho yanayoruhusiwa.

Kabla ya kulipa

Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, anayeuza au kukarabati silaha kama biashara ni lazima awe amesajiliwa. Nunua kwake, si kwa mtu wa pembeni. Dai risiti inayoonyesha aina ya springi na ratili zake. Nayo Katiba, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari za kutosha, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa. Haki hizo ni zako, ila ukizidai bila risiti utapata taabu, kama alivyotaabika yule mlalamikaji wetu.

Itazame springi kabla ya kutoka dukani. Ibingirishe juu ya meza iliyo sawa, isiyumbe. Koili zake ziachane kwa nafasi zilizo sawa, au ziwe zinabadilika kwa utaratibu ikiwa mtengenezaji ameeleza kwamba ndivyo ilivyoundwa. Kusiwe na kutu, mkwaruzo wala ncha iliyokatwa kwa koleo. Springi iliyokatwa koili ili iwe nyepesi ni springi iliyoharibiwa, na ile iliyovutwa kwa mkono ili ionekane mpya itanywea baada ya risasi chache. Msikubali kuuziwa yoyote kati ya hizo.

Nunueni pia springi ya pini ya kufyatulia. Slaidi inapofunga kwa kishindo, pini hiyo huelekea kusogea mbele kwa mwendo wake yenyewe, na springi yake ndiyo inayoizuia isiiguse risasi iliyoingia chemba. Mtu anayeweka springi nzito zaidi ya kurejesha slaidi na kuiacha ile ya pini ikiwa kuukuu ameongeza hatari mahali asipopaona.

Kufunga

Jambo la kwanza ni kuhakikisha bastola ni tupu. Toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi na uangalie chemba kwa macho na kwa kidole. Rudia. Peleka risasi zote katika chumba kingine. Mpangilio huo usibadilishwe: mwenye kuvuta slaidi kabla ya kutoa magazini huwa ameiingiza chemba risasi nyingine kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo la pili ni miwani ya kinga. Katika 1911, springi imezuiliwa mbele na kizibo kidogo cha chuma. Ukikizungusha kilango chake bila kukikandamiza kizibo kwa kidole gumba, kitaruka kama jiwe la manati. Jicho halina kipuri. Elekeza mbele ya bastola mbali na uso wako na mbali na yeyote aliye karibu.

Jambo la tatu ni kutazama jinsi springi ya zamani ilivyokaa kabla ya kuitoa. Piga picha kwa simu. Katika springi nyingi ncha mbili hazifanani, na ile iliyobana hukaa upande maalumu. Laza springi mpya kando ya ile ya zamani. Kwa kawaida ya zamani itakuwa fupi kidogo, nayo hiyo ni ishara ya uchovu. Msishtuke springi mpya ikifupika kidogo baada ya kubanwa mara za kwanza. Springi nzuri hufupika kidogo kisha hutulia.

Jambo la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Springi yenye koili nyingi au yenye waya mnene yaweza kubanana kabisa, koili juu ya koili, kabla slaidi haijafika mwisho wa njia yake. Hapo slaidi husimamishwa na springi yenyewe mahali pa kusimamishwa na fremu, na sehemu zinazopokea pigo hilo hazikuundwa kulibeba. Jaribio lake ni hili. Unganisha bastola tupu bila springi, vuta slaidi taratibu hadi mwisho, na utie alama ya kalamu kwenye fremu mahali slaidi ilipofika. Kisha unganisha tena pamoja na springi, uvute slaidi hadi mwisho. Isipoifikia alama, springi hiyo si ya bastola yako. Jaribio hilo lifanyike pia kwa wanaoweka kipande cha plastiki cha kuzuia mgongano, kwa sababu nacho hupunguza njia ya slaidi. Kipande hicho huchakaa na kumeguka. Kikaguliwe kila bastola inaposafishwa, la sivyo vipande vyake vitaingia mahali pasipofaa.

Ambaye hajawahi kuifungua bastola yake kwa namna hii asianze peke yake. Aende kwa fundi aliyesajiliwa, na aombe aonyeshwe. Ada ya fundi ni ndogo ikilinganishwa na bei ya fremu.

Kujaribu uwanjani

Springi ikishafungwa, haijawa imekubalika hadi ijaribiwe uwanjani, chini ya msimamizi, kwa miwani na vizibo vya masikio. Anza na risasi moja ndani ya magazini. Baada ya kufyatua, slaidi ibaki wazi nyuma. Ikifunga, huenda springi ni nzito mno kwa risasi hiyo. Rudia mara kadhaa, kisha ujaze risasi mbili, hatimaye magazini nzima. Jaribu pia kwa mkono mmoja, na kwa mkono ulio dhaifu, maana bastola inayofanya kazi kwa mikono miwili tu itakuangusha katika hatua ya mashindano inayodai mmoja.

Tazama maganda. Yakidondoka miguuni mwako, au moja likinaswa limesimama katika dirisha la slaidi, springi huenda ni nzito mno. Yakiruka mbali kupita kawaida ya bastola yako, na ukiisikia slaidi ikigonga, huenda ni nyepesi mno. Lakini msiihukumu springi kwa maganda peke yake, kwa kuwa ndoana ya kuvutia ganda na kipande cha kulirusha vina sauti katika jambo hilo pia.

Kisha tazama shabaha ya mbele. Fyatua mara mbili mfululizo na ufuate shabaha hiyo kwa jicho. Ikirudi mahali ilipotoka na kutulia, umekaribia. Ikizama chini ya alama, jaribu springi nyepesi zaidi. Ikirejea kwa kuchelewa, au slaidi isipofunga barabara, jaribu nzito zaidi. Badilisheni ratili moja au mbili kwa wakati, si zaidi, na mwandike matokeo katika daftari. Mwenda pole hajikwai.

Mkishaipata springi nyepesi kabisa inayofanya kazi, msibaki nayo. Pandeni hatua moja juu yake. Siku ya majaribio bastola ilikuwa safi na imepakwa mafuta. Siku ya mashindano itakuwa na vumbi la uwanja na masizi ya risasi mia mbili, na hapo springi iliyokuwa ikitosha kwa shida haitatosha.

Muda wa kubadilisha

Springi huchoka bila kupiga kelele. Kwa 1911 ya inchi 5, mafundi wengi hushauri ibadilishwe kati ya risasi 3,000 na 5,000. Kwa bastola fupi, mapema zaidi, kwa kuwa springi fupi hufanya kazi ngumu zaidi. Kijitabu cha mtengenezaji wa bastola yako ndicho cha kufuatwa kwanza. Weka hesabu ya risasi ulizofyatua. Aliyezoea kuhesabu kilomita za gari kabla ya kubadilisha mafuta hatashindwa na hesabu hii. Na dalili zikijitokeza kabla ya hesabu kutimia, kama vile maganda kuanza kuruka mbali zaidi, slaidi kusitasita kabla ya kufunga, au springi kuwa imefupika waziwazi ukiilaza kando ya mpya, msingojee namba.

Mabibi na mabwana, tumalizie tulipoanzia. Yule mlalamikaji hakuwa mtu mzembe. Aliitunza bastola yake, aliisafisha, aliifungia kabatini. Alichokosa ni maswali matatu ambayo tungependa kila mmoja wenu aondoke nayo leo. Springi hii ni ya ratili ngapi, na kwa bastola ipi? Inalingana na risasi ninazotumia leo, au na zile za jana? Na je, karatasi ya kuthibitisha nilichonunua ninayo mkononi?

Mwenye malalamiko juu ya bidhaa aliyonunua aje ofisini kwetu na bidhaa yenyewe, pakiti yake na risiti. Asiitupe springi iliyoharibika, kwani ndiyo ushahidi. Bastola yenyewe aiache kwa fundi aliyesajiliwa, wala asiifyatue tena kabla haijakaguliwa.